Dama na Breki ya Mguu

Isome hadithi hii taratibu, halafu mpelekee yule mwenzako ambaye kila siku yuko juu juu.

Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyeitwa Dama, ambaye kazi yake ilikuwa kuosha kwadi. Kwadi ni zile pikipiki za magurudumu manne ambazo wageni hukodi kupandia vilima vya mchanga huko Mambrui. Kwa miaka mitatu Dama aliziosha, akazitia mafuta, akazijaza upepo, na kila jioni akasimama kando kuwatazama wapandaji wakizisimamisha kwa magurudumu ya nyuma peke yake, watu wakipiga makofi. Roho ilimuuma. Alitaka na yeye.

Mwaka huo mwenye biashara, mama wa makamo aliyeitwa Bi Tima, alitangaza kwamba anatafuta mtu wa kuongoza maonyesho ya kila Jumamosi. Mtu mmoja tu. Majaribio yangefanyika baada ya wiki sita, na atakayekosa angerudi kwenye kazi yake ya kawaida. Kwa Dama, kazi hiyo ilikuwa ndoo na sabuni.

Wengi walikwisha kumpa nafasi hiyo Mtawali hata kabla ya majaribio. Kijana huyo aliweza kuinua kwadi na kwenda nayo ufuo mzima bila magurudumu ya mbele kugusa mchanga. Tena alikuwa na mbwembwe zake. Ikishapaa, aliutoa mguu wa kulia kwenye breki na kuukunja juu ya kiti, kwa sababu picha zilitoka vizuri hivyo. Wenzake wote wakamwiga. Ikawa pale kazini kwao, mpandaji anayeacha mguu kwenye breki anaonekana mwoga.

Dama alimwendea Chengo, fundi wa kwadi, mtu wa maneno machache ambaye zamani alikuwa mpandaji. Akamwomba amfundishe. Chengo akakubali.

Siku ya kwanza alimwambia ajisogeze nyuma ya kiti, anyooshe mikono, abonyeze mafuta kwa kidole gumba mpaka mbele kuinuke shibiri moja, kisha akanyage breki ya mguu. Breki ile hushika magurudumu ya nyuma, na yakishikwa, mbele hurudi chini. Dama akafanya hivyo, na mbele kukashuka.

"Tena," akasema Chengo.

Wiki ya kwanza ikaisha kwa shibiri moja. Wiki ya pili ikawa shibiri mbili. Ya tatu walifika kiunoni, na kila mara ilikuwa inua, kanyaga, shuka. Wapandaji wengine walikuwa wakipita wakicheka. Walimwita kuku wa Chengo, anaruka lakini hafiki hata juu ya ua. Dama alijifanya hasikii, lakini alisikia, na aliona aibu.

Wiki ya nne uvumilivu ukamwishia.

"Fundi, kila siku unanifundisha kushuka," akamwambia. "Mimi nimekuja kujifunza kupaa."

Chengo alikuwa akifuta spana. Hakuinua hata kichwa.

"Kupaa utafundishwa na mafuta," akasema. "Kushuka ndiko kunakotaka mwalimu."

Maneno hayo hayakumtuliza. Siku moja Chengo alipokwenda Malindi kutafuta cheni, Dama alitoa kwadi peke yake. Akaiinua juu kuliko siku zote, na ilipokaa sawa, akautoa mguu kwenye breki na kuukunja kama Mtawali. Kwa muda mfupi alijiona malkia. Kisha kwadi ikaendelea kurudi nyuma, mguu ukaitafuta breki usiipate, na mwanamke na chombo wakapinduka pamoja. Dama alianguka chali kwenye mchanga. Kwadi ikatua pembeni yake, karibu kiasi cha mkono. Hakuumia, lakini alilia sana, na machozi yale yalikuwa ya woga.

Chengo aliporudi aliona chuma cha nyuma kimepinda. Alichukua nyundo akakinyoosha, akaiwasha kwadi, akamwonyesha Dama kiti.

"Shibiri moja," akasema.

Safari hii Dama hakubisha.

Siku ya majaribio ikafika. Maji ya bahari yalikuwa yametoka na mchanga umekuwa mgumu. Bi Tima akaja na kiti cha plastiki, akakiweka katikati ya ufuo, akakaa.

"Mtakuja kwangu mmoja mmoja, mbele kukiwa juu," akasema. "Kila mtu atashusha anapotaka."

Watu wakaguna. Wapandaji watatu wakajitoa hapo hapo, mmoja kwa kisingizio cha mgongo. Wakabaki Mtawali na Dama.

Mtawali alianza. Aliinua, akakunja mguu, akaja moja kwa moja kwenye kile kiti huku watu wakishika vinywa. Akaachia mafuta, na magurudumu ya mbele yakatua hatua mbili tu kutoka magotini pa Bi Tima. Mchanga ukamrukia mapajani. Ufuo mzima ukapiga vigelegele.

Ikawa zamu ya Dama. Aliinua vizuri, akakaa sawa, akaja. Alikiona kile kiti kikikaribia na akaanza kuamini kwamba nafasi ni yake. Zilipobaki kama hatua arobaini, gurudumu moja lilipita kwenye kijishimo na mbele kukapanda zaidi ya alivyotaka. Angeweza kung'ang'ana. Moyo ulimwambia ang'ang'ane, lakini mguu ulikuwa umekwisha kukanyaga. Kwadi ikashuka taratibu, ikasimama, mbali na kiti.

Watu wakacheka. Dama akazima injini, akavua helmeti. Alijua amekosa.

Bi Tima akajipangusa mchanga, akawaita wote wawili.

"Mtawali, ulipokuwa hewani, ulijua utatua wapi?"

Mtawali alitabasamu. Alikuwa kijana mkweli, hilo tumpe.

"Kusema kweli, Bi Tima, nilimwachia Mungu."

"Na wewe Dama, mbona umeshusha mbali hivi?"

"Nilihisi inanizidi, mama," akasema Dama huku akitazama chini. "Nikaishusha kabla haijaniangusha mimi."

Bi Tima akasema kwamba anamshukuru Mungu, maana amemwokoa mchana ule. Lakini Jumamosi, pale alipokuwa amekaa yeye watakaa watoto wa watu, na hawezi kuwaweka mbele ya mtu asiyejua atatua wapi.

"Maonyesho ataongoza Dama," akasema, akabeba kiti chake akaondoka.

Mtawali alinuna siku tatu. Siku ya nne, asubuhi, Dama alimkuta amesimama langoni na helmeti mkononi.

"Dada," akasema, "nifundishe kushuka."

Dama alimtazama kijana huyo, ambaye bado alimshinda kwa kila kitu juu ya kwadi isipokuwa kimoja. Hakumcheka. Akamwambia apande, ajisogeze nyuma, aweke mguu wa kulia kwenye breki, na asiutoe hata kama anapigwa picha.

Funzo: Mpanda ngazi hushuka, hilo wahenga walishalisema. Lililobaki ni juu yako: ujifunze kushuka kwa hiari yako, au siku moja uwaangukie watu.