Siwa Moja na Milango Miwili

Anayetaka kukohoa akohoe sasa, na mwenye mtoto anayelia amnyonyeshe. Nina kisa kilichonishinda, nimekuja kuwatwika ninyi.

Katika Visiwa vya Ukwaju palikuwa na mume na wake zake wawili, kila mmoja na kipaji chake.

Mume, Balozi Shaali, alikuwa amestaafu baada ya kutuwakilisha katika nchi nne za nje. Kipaji chake kilikuwa kukaa. Msicheke. Wako watu wa kusema na wako watu wa kukimbia, lakini Shaali alijua kukaa mbele ya mtu mwenye hasira mpaka hasira zenyewe zichoke.

Mke mkubwa, Bi Msimu, alikuwa fundi cherehani, na kipaji chake kilikuwa jicho. Akikuona unapita tu, anajua kifua chako, kiuno chako, na kama umezidisha wali tangu Idi. Maofisa wote wa jeshi walishona kwake.

Mke mdogo, Bi Raifa, alikuwa mwanasheria wa Wizara ya Mambo ya Nje, na kipaji chake kilikuwa kalamu. Aliweza kukuandikia barua ya kukukatalia, ukaisoma mpaka mwisho, ukamshukuru.

Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mume huenda kwa zamu, na mswaki wake mfukoni. Nyumba ya Msimu na nyumba ya Raifa zilitazamana, uchochoro katikati. Mimi nakaa kichwani mwa uchochoro huo huo, kwa hiyo sikuhadithiwa, niliona.

Basi mwaka ule Rais wetu alitangaza mambo mawili kwa siku moja: kwamba atajiongezea muda madarakani, na kwamba kikosi cha Kanali Fumu kitavunjwa. Kanali akanyamaza kimya. Watu mjini wakasema, amekubali yaishe.

Jumatatu askari mmoja alimletea Bi Msimu kitambaa na karatasi ya vipimo. "Vazi la sherehe, nyuzi za dhahabu mabegani. Jumamosi liwe tayari." Msimu akaisoma ile karatasi. Lilikuwa vazi la Amiri Jeshi Mkuu, ambalo kwa sheria huvaliwa na Rais peke yake. Lakini Rais wetu ni mwembamba, na kifua kile kilikuwa cha Fumu. Msimu alikuwa akikipima tangu Fumu ni luteni. Mnashangaa mtu anayetaka kupindua serikali kupeleka vipimo kwa fundi kwanza? Basi hamtujui. Mtu wa Ukwaju haendi hata kwenye mapinduzi na nguo aliyoonekana nayo Idi iliyopita.

"Bwana," Msimu akamwambia mumewe wakati wa chakula cha mchana, "Jumamosi tunapinduliwa."

"Nani kakwambia?"

"Kifua cha Fumu."

Bila jicho la Msimu, tungepata habari hizo Jumamosi kwa mdomo wa bunduki.

Jumanne ikawa ya Shaali. Kanali alikuwa amezima simu, na wajumbe wa nchi jirani waliokuja kumsihi walirudishwa langoni mwa kambi bila hata maji ya kunywa. Shaali akaenda na mkeka wake, akautandika katikati ya lango lile lile, akakaa. Kwetu hupiti mbele ya mzee bila kumwamkia, na akikukaribisha hukatai. Siku nzima askari walipita wakimwamkia, naye akiitikia mmoja mmoja. Jumatano vivyo hivyo, jua likimbabua upara. Alasiri gari la Kanali likataka kutoka. Dereva akafunga breki, maana hakuna aliyethubutu kumwondoa mzee kwa mkono. Kanali akashuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Nina haraka."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja tangu jana. Kaa."

Akakaa. Alianza kwa kufoka, akaja kulalamika, mwisho akalia kwa ajili ya vijana wake mia nne watakaotupwa mitaani. Jua lilipoanza kupoa alikuwa amekubali kuzungumza na Rais. Bila makalio ya Shaali, nisameheni, pasingekuwa na mazungumzo.

Alhamisi ikawa ya Raifa. Rais alitaka Kanali aombe radhi. Kanali alitaka Rais aombe radhi. Raifa akaandika mkataba usio na neno radhi hata mara moja: Rais aondoke muda wake ukiisha, kikosi kibaki, uchaguzi usimamiwe na nchi jirani. Wakakubali yote, kisha wakakwama mahali pa kitoto kabisa: jina la nani litangulie? Kila mmoja alitaka lake liwe juu. Raifa akaomba dakika kumi, akarudi na nakala mbili. Kwenye nakala ya Rais, Rais alikuwa juu. Kwenye nakala ya Kanali, Kanali alikuwa juu. Wakatia sahihi huku kila mmoja akimhurumia mwenzake. Bila kalamu ya Raifa, wangeinuka wakiwa maadui zaidi kuliko walivyokaa.

Mngedhani kisa kimekwisha. Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Sulhu ya Ukwaju haifungwi kwa sahihi peke yake. Hufungwa kwa siwa, baragumu la pembe tuliloachiwa na wazee, nalo hupigwa mara moja tu, mbele ya mlango mmoja, wa mtu aliyeileta sulhu hiyo, kabla ya sala ya Ijumaa. Mlango huo huitwa Mlango wa Siwa mpaka kwa wajukuu na vitukuu. Siwa isipolia, hakuna aliyefungwa na alichoandika. Kanali alisema wazi: Ijumaa atakuwa kambini anasikiliza. Ikilia, askari wataweka silaha chini. Isipolia, watatoka.

Ijumaa asubuhi Bwana Vuai, mpiga siwa, aliingia uchochoroni kwetu na wazee wa mji, na watu wamejaa hadi mtaroni. Akasimama katikati ya nyumba mbili.

"Mlango gani?" akauliza.

"Huu," akasema Msimu. "Aliyeona ni mimi."

"Kuona hata paka anaona," akasema Raifa. "Nchi imeponywa na mkataba, na mkataba nimeuandika mimi."

"Nisingesema, dada, ungeandika nini? Orodha ya sokoni?"

"Jamani, msinitie aibu mbele za watu," akasema Shaali. "Aliyeungua na jua siku mbili ni mimi. Siwa ni yangu."

"Mlango wako uko wapi?" wakauliza wake zake pamoja. Miaka yote ile sikuwahi kuwasikia wakisema neno moja kwa pamoja.

Shaali akakuna upara. "Leo zamu ya nani?"

"Yangu," akasema Raifa.

"Basi ipigwe..."

Hapo uso wa Msimu ukabadilika. Alikuwa amelea watoto watano peke yake mume akiwa nchi za watu, kisha akaona vitanda vipya vikiingizwa nyumba ya pili. Hayo aliyameza. Lakini kuutazama mlango ule kila asubuhi ukiitwa Mlango wa Siwa, hilo lilimkaa kooni. Akaingia ndani, akatoka na vazi la Kanali, limepigwa pasi, dhahabu inang'aa mabegani.

"Siwa ikilia pale," akasema, "nampelekea Fumu nguo yake kwa mkono wangu. Imekamilika hadi kifungo cha mwisho."

Raifa naye hakuwa wa kutishwa. Mji mzima ulimwita mke wa pili, hata wizarani, hata siku alipowakalisha Rais na Kanali meza moja. Akatoa nakala zote mbili kwenye mkoba. "Hizi hazijapigwa muhuri. Siwa ikilia kule, nazichana."

Shaali akakunja mkeka wake. "Na mkininyima mimi, askari wakitoka, mtakwenda kukaa langoni wenyewe."

Mzee mmoja akashauri, "Ipigwe kila mlango mara moja."

"Siwa ikilia mara mbili ni ya vita," akasema Vuai. "Kanali anajua kuhesabu."

"Basi ipigwe hapa njiani."

"Njia haina mwenyewe. Sulhu isiyo na mwenyewe, siku ikitikisika ataitetea nani?"

Kutoka kilimani kambini tukasikia magari yakiwashwa, moja, la pili, la tatu. Msikitini muadhini alikuwa ameshaanza kupima kipaza sauti. Bwana Vuai akaiweka siwa mdomoni, akageukia nyumba ya Msimu, akageukia nyumba ya Raifa, akamtazama Shaali na mkeka wake kwapani, kisha akaishusha.

"Kazi yangu ni pumzi," akasema, akitutazama sisi majirani. "Nielekezeni."

Mimi nilikuwa mbele kabisa, na ningeweza kunyoosha kidole. Sikunyoosha. Magari ya vita yamewashwa, wanangu wako shuleni chini ya kilima kile, nami, Mungu anisamehe, nilichokuwa nacho moyoni ni kimoja tu: isilie kwa yeyote kati yao, nisije nikawa jirani wa Mlango wa Siwa maisha yangu yote.

Kwa hiyo mimi siwezi kuwa hakimu. Hakimu ni ninyi, na msiniambie wote watatu, maana jibu hilo tulilisikia likikataliwa. Magari yanateremka. Bwana Vuai amekwisha kuvuta pumzi. Haya, nyoosha kidole wewe: siwa ielekee wapi?