Kwa Nini Mpinzani Hupaza Sauti Bungeni

Zamani, kabla wazee wa wazee wetu hawajazaliwa, nchi ya milima ya Iriza ilikuwa na baraza ambalo hakuna aliyewahi kufoka ndani yake. Watu walisema wakiwa wameketi, mikono juu ya magoti. Aliyekubali alisema polepole, na aliyekataa alisema polepole zaidi. Kabla ya kukataa ulimsifu Mkuu, ukawasifu wazee, ukaisifu mvua iliyopita, ndipo ukalitaja jambo lako mwishoni kabisa, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto. Waliowahi kuishi wakati ule walisimulia hadi uzeeni kwamba asubuhi ya baraza ungeweza kusikia nyuki wakivuma kwenye paa la nyasi.

Katika baraza hilo hakuna aliyesema kwa utamu kama Malemba. Alikuwa na sauti nzito yenye ulaini, na arusi haikukamilika mpaka yeye awaombee maharusi. Tena Mkuu wa nchi, Mwanjala, alikuwa rafiki yake wa tangu utotoni. Walichunga pamoja, wakatahiriwa siku moja, na hata Mwanjala alipopewa ukuu, Malemba aliendelea kwenda kwake jioni kunywa maziwa na kucheka mambo ya kale.

Mwaka mmoja Mwanjala aliamua kupanua mashamba ya juu, karibu na makao yake. Akaagiza mfereji mkubwa uzibwe kwa mawe ili maji yote yageukie huko. Watu wa Bondeni, waliokuwa wakiupokea mfereji huo mwisho, wakabaki na matope, kisha vumbi.

Malemba alilileta jambo hilo barazani. Alimsifu Mkuu, akawasifu wazee, akaisifu mvua, kisha akasema, "Huenda ndugu zetu wa Bondeni nao wangefurahi kukumbukwa." Wazee wakatikisa vichwa. "Umesema vizuri sana, Malemba," Mkuu akamwambia, na baraza likahamia jambo jingine. Mwezi uliofuata akalisema tena, akasifiwa tena. Mara ya tatu mzee mmoja alifuta machozi kwa uzuri wa maneno yake. Mawe hayakuondolewa.

Dada yake, Mkamburi, alikuwa ameolewa Bondeni. Siku moja Malemba alimtembelea akamkuta anafunga mizigo. Migomba ilikuwa imelala chini. Nyumba kumi na moja zilikwishahama, na mama mkwe wake alikuwa amevunjika nyonga akipanda mlima na mtungi kichwani.

"Kaka," Mkamburi akauliza, "jambo letu ulilisema?"

"Nimelisema mara tatu, dada."

"Hebu liseme hapa, kama ulivyolisema kule."

Malemba akaketi, akaweka mikono magotini, akasema yote, tangu sifa hadi mwisho. Dada yake alisikiliza ameshika tama.

"Ni matamu," akasema. "Mimi mwenye kiu karibu yanipe usingizi. Sembuse wao walioshiba maji?"

Malemba alirudi nyumbani kwa miguu akiona aibu ambayo hakuwahi kuijua, kwa sababu alikuwa amezipenda zile sifa.

Siku ya baraza watu wa Bondeni walipanda wote, wakasimama nje ya ukuta, maana ndani hawakuruhusiwa. Malemba aliingia. Zamu yake ilipofika, alisimama. Hakuna aliyewahi kusimama.

"Mwanjala!" akaita, bila cheo, na wazee wakashtuka kama waliomwagiwa maji ya baridi. "Mwaka juzi, ukiwa umeketi papo hapo, ulisema maji ya Iriza hayana mwenyewe. Ulisema, hukusema?"

"Kaa chini!" wazee wakapiga kelele.

"Siketi!"

"Huyu amekunywa!"

"Ningekunywa nini," Malemba akafoka, "na mfereji mmeuziba?"

Nje ya ukuta watu wakaangua kicheko. Ilikuwa mara ya kwanza neno la barazani kuvuka ukuta ule.

"Futa maneno yako!" akaamuru mzee mshika fimbo.

"Nitayafuta siku mtakapowafutia Bondeni vumbi!"

Akapiga teke kigoda, akawataja wazee mmoja mmoja kwa majina, na kila mmoja akamkumbusha shamba lake la juu lilivyo na kijani. Wakamkamata mikono kumtoa. Mlangoni akashika mwimo, akageuza uso kuelekea nje, akauliza kwa sauti kuu, "Alisema, hakusema?"

"Alisema!" Mkamburi akajibu, na mlima mzima ukajibu pamoja naye.

Mwanjala akainua mkono. Akawatoa watu wote, akabaki na Malemba peke yao.

"Tumekula sahani moja," Mkuu akasema. "Ungekuja kwangu jioni ukaniambia."

"Nilikuja, Mwanjala. Ulinipa maziwa, ukanisifu, nikarudi nimeshiba."

"Mawe yataondolewa leo," Mkuu akasema. "Na kuanzia sasa kutakuwa na nafasi mkono wangu wa kushoto, karibu na mlango, ya mtu wa kunikatalia. Apige kelele atakavyo, asiguswe. Ila wewe, jioni usije tena."

Maji yalishuka Bondeni jua likiwa bado juu, na Mkamburi akafungua mizigo yake. Malemba alikaa nafasi ile ya kushoto maisha yake yote. Sauti ilimkauka. Akialikwa arusini kuwaombea maharusi, ilitoka na mikwaruzo, na watu wazima waliinamisha vichwa wakikumbuka ilivyokuwa. Siku alipozikwa Mwanjala, walimsikia Malemba kaburini akimsifu rafiki yake, kisha wazee, kisha mvua, kwa namna ile ya kale, taratibu, mpaka sauti ikamkatika.

Na tangu siku ile Malemba aliposimama, kila penye baraza la nchi, hata mabaraza ya leo yenye vipaza sauti na viti vya ngozi, yuko mtu upande wa pili asiyekubali kuketi. Humwita waziri kwa jina, humkumbusha aliyoyasema mwaka juzi, huambiwa afute kauli naye hukataa, na akitolewa nje hugeuka mlangoni aseme la mwisho, ili walio mbali wasikie. Lakini mwangalie vizuri akishamaliza kufoka. Kuna kitambo kidogo ambapo hutazama upande ule mwingine, kama mtu anayetafuta mahali alipoketi rafiki yake.