Mfereji wa Pimbi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa maji matamu, mkinyamaza nanywa peke yangu!
Usinywe, tupe na sisi!

Hapo zamani za kale, wanyama wa bondeni walikunywa maji ya dimbwi, na matumbo yakawauma. Pimbi, yule mdogo anayeishi kwenye majabali, akaona chemchemi kule juu mlimani. Akapasua mianzi, akaunganisha, akaunganisha, mpaka maji yakafika bondeni. Wanyama wakafurahi mno. Wakauita Mfereji wa Pimbi, wakamwimbia hadi sauti zikawakauka.

Sasa sikilizeni balaa lenyewe. Siku moja maji yakapungua. Swala alikuwa na mtoto mchanga, na bila maji maziwa hayatoki. Akamwendea Ngiri.

"Kaka Ngiri, mfereji umeziba. Twende tukauzibue."

"Mfereji wa nani?"

"Wa Pimbi."

"Basi Pimbi atauzibua," akasema Ngiri, akarudi kulala.

Akamwendea Nyani. "Mfereji wa nani?" "Wa Pimbi." "Basi mwenyewe yupo!" Akaendelea kujichambua chawa.

Akamwendea Fisi. Fisi akaanza kuchechemea. "Ningekuja, dada, ila mguu huu!" Mguu gani? Mzima kama wako wewe unayecheka hapo!

Maji yakakatika kabisa. Mtoto akanyonya, asipate kitu. Swala akamwachia jirani yake, ndege Kanga, mtoto, akapanda mlima peke yake huku analia. Juu akamkuta Pimbi amebanwa mguu na jiwe, palepale alipokuwa akizoa matope.

"Nimeita tangu jana, dada," akasema Pimbi. "Hakuja mtu."

Swala akalisukuma jiwe, halikutikisika. Akashuka mbio hadi kwa wenzake bondeni.

"Mnamwimbia Pimbi," akafoka, "naye anakufa kwa ajili ya maji yenu!"

Wakaona haya, wakapanda wote. Ngiri akaliondoa jiwe, akachimba matope. Nyani akafunga mianzi kwa kamba za magome. Fisi akachechemea nyuma, lakini aliposikia maji yanatiririka, akatimka kuwashinda wote! Kumbe wenzake wanamtazama. Wakampa kazi ya kuzoa matope msimu mzima, na mguu haukumuuma tena.

Wakamshusha Pimbi mgongoni kwa Ngiri, wakamnywesha wa kwanza. Kisha Swala akanywa, na mtoto akanyonya mpaka akalala na ziwa mdomoni.

"Asanteni, ndugu zangu," akasema Swala. "Asante, Pimbi. Mwanangu yu hai."

"Mkitaka kunishukuru," akasema Pimbi, "msiuite wangu tena."

Tangu hapo, kila mwezi ukiandama, kila nyumba hutoa mtu wa kupanda mlima kusafisha chemchemi.

Wanangu, maji tunayokunywa kuna mtu aliyaleta. Namshukuru kila ninapojaza mtungi. Nanyi mshukuruni, lakini msimwachie kazi peke yake.

Haya, mfereji wa nani?

Wetu!

Basi hadithi yangu nimeifunika kama mtungi, na mafagio ya kusafishia chemchemi yetu yako pale mlangoni, yanawangoja.