Sadaka ya Uduvi

Mkono ulishao samaki ndio ulishao utando. Mmemsikia mama yenu leo akimtupia mjomba wenu maneno hayo, kisa pikipiki ya tatu anayotaka kumnunulia mwanawe Shafii baada ya kijana huyo kuvunjavunja mbili, nanyi mkacheka na kuuliza samaki wameingiaje kwenye ugomvi wa pikipiki. Haya, kaeni. Wengi wanaoisema methali hii hawajui ilikotoka. Ilitoka hapa hapa Tanga, mtaa wa Chumbageni, katika nyumba yenye msiba.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Mzee Mbaruku, fundi mstaafu wa reli, na mkewe Bi Mwanakheri. Sebuleni mwao palikuwa na tangi kubwa la kioo, ambalo Bi Mwanakheri aliachiwa na mtafiti mmoja wa mambo ya bahari alipohama mji. Mwingine angelitilia mchele. Yeye alilitia maji ya chumvi akafuga bahari humo ndani: samaki wadogo wenye milia, mchanga, mawe, na juu ya jiwe kubwa tumbawe hai lenye vidole vya kijani. Alilipokea likiwa dogo kama ukucha, akalilea hadi likawa pana kama sahani ya pilau. Mchana lilichanua, na taa ikizimwa lilijikunja likalala. Kila baada ya sala ya alasiri Mzee Mbaruku na mkewe waliketi mbele yake na kahawa yao, wasiseme neno. Mzee hakuwa mtu wa maneno, na mapenzi mengine hayana kelele.

Bi Mwanakheri alipougua, aliyemsaidia kulitunza tangi alikuwa Siwatu, mke wa mwanawe wa pekee. Siwatu alikuwa mpole lakini si mnyonge, na msije mkachanganya mambo hayo mawili. Alijifunza kupima chumvi ya maji, kusafisha pampu, na kulisha samaki kwa ncha za vidole viwili, mara moja tu kwa siku.

"Samaki hana haya," mama mkwe alimwambia. "Atakuja kiooni akuombe hata kama ameshiba. Usimsikilize."

Kisha Bi Mwanakheri akafariki, na nyumba ikajaa watu. Miongoni mwao alikuwa mdogo wake, Bi Mishi, mwanamke mwenye moyo mkubwa na sauti kubwa kuliko huo moyo. Yeye ndiye aliyeweka bakuli la uduvi uliotwangwa kando ya tangi.

"Kulisha kiumbe chenye uhai ni sadaka," alisema. "Kila anayekuja kutoa pole atie kidogo, amwombee dada yangu, thawabu zimfikie."

Nani angekataa jambo zuri kama hilo? Walikuja majirani, wakaja ndugu wa Pangani na wa Muheza, kila mmoja akasoma Fatiha, akachota, akatupa. Aliyempenda sana marehemu alitupa sana. Na marehemu alipendwa na wengi.

Haukupita muda utando mwekundu ukaota. Ulianza kwenye mchanga kama doa la ubuyu, ukapanda mawe, ukatambaa kwenye kioo, laini, wa kuteleza, wenye mapovu na rangi ya damu nzito. Ulipofika kwenye jiwe kubwa, tumbawe likajikunja na halikuchanua tena. Wanawake wakaanza kunong'ona kwamba tangi linalia damu, kwamba marehemu hana raha huko aliko.

Maneno hayo yalimfikia Mzee Mbaruku na yakamchoma vibaya. Akamwita Siwatu.

"Mwanangu," akasema, "siku ya hitima ya arobaini, kama damu hii haijatoka, tangi tutalimwaga. Siwezi kukaa nikimtazama mama yenu akilia."

"Sawa, baba," Siwatu akajibu. Lakini alijua kwamba mzee akilimwaga tangi lile atakuwa amemzika mkewe mara ya pili.

Basi akajifunga kibwebwe. Alikwangua kioo, akasugua mawe kwa mswaki, akanyonya utando kwa mpira kama madereva wanyonyavyo petroli, na mara nyingine akaumeza pamoja na chumvi yake. Alisafiri mbali na bandari kuchota maji safi ya bahari. Jirani mmoja alimletea dawa ya kuulia vijidudu. Akamshukuru na kuiweka pembeni, kwa kuwa hakujua kama dawa hiyo ingebagua kati ya utando na samaki. Asubuhi tangi liling'aa. Jioni, wageni wakishaondoka, wekundu ulikuwa umerudi.

Siku moja akainua jiwe la nyuma kabisa, kwenye pembe ambayo maji yanayosukumwa na pampu hayakuifikia. Chini yake palikuwa na tope la uduvi uliooza, lenye uvundo wa kumgeuza mtu uso. Siwatu akaketi sakafuni, mikono ikidondosha maji. Siku zote hizo alikuwa akikata majani huku wenzake wakimwagilia mizizi.

Kujua hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kusema. Katika nyumba ya msiba, mke aliyeolewa humo aondoe sadaka iliyowekwa na mdogo wa marehemu! Lakini jioni ile wageni walipofika, bakuli halikuwepo.

"Uduvi uko wapi?" Bi Mishi akauliza.

"Nimeuondoa, mama mdogo."

"Umeuondoa! Kwa nini?"

"Samaki wameshiba. Wanachobakisha kinaoza, na huo uozo ndio unaolisha wekundu huu."

"Wameshiba?" Bi Mishi akaonyesha kioo, ambapo samaki walikuwa wamejipanga wakipanua midomo. "Huoni wanavyoomba? Dada yangu hata arobaini yake haijafika, wewe unamkatia thawabu? Uchoyo huu umekuja nao kutoka kwenu?"

Siwatu hakupandisha sauti.

"Thawabu sizizuii, mama mdogo. Uduvi wa leo nimewapelekea watoto wa madrasa. Wameulia wali, wakamwombea dua. Kesho ukileta mwingine nitaupeleka tena. Ila humu ndani hautaingia."

Bi Mishi akamgeukia Mzee Mbaruku. "Shemeji, umemsikia mkweo?"

Mzee alimtazama Siwatu. "Hitima bado," akasema. "Mwacheni."

Siwatu akazoa tope lote. Akaigeuza pampu ili ipulize nyuma ya mawe. Kisha, kwa kuwa utando ule ulishiba mwanga kama ulivyoshiba uduvi, akazima taa na kulifunika tangi kwa buibui kuukuu la marehemu. Hapo sasa mji ukapata la kusema. Kwa kuwa mwanamume hakai eda, walisema, Siwatu ameamua kuwakalisha samaki. Sokoni wakamwita Mnyima Samaki. Nawaambieni, kwetu pwani kuitwa mchoyo mbele ya watu ni afadhali upigwe kofi. Yeye aliwaitikia salamu, akanunua nazi zake, akarudi nyumbani.

Lakini maneno ya watu hayakuwa magumu kama samaki wenyewe. Kila alipoinua ncha ya buibui kuwatazama, walimjia mbio, midomo wazi, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kopo la chakula. Aliwapenda, na walikuwa amana ya mtu aliyempenda. Akawapa kile kidogo cha vidole viwili, akaurudisha mkono, akafunika. Mimi hapo ndipo ninapomheshimu kuliko pengine popote.

Alipofunua siku chache baadaye, wekundu ulikuwa umekufa, umebaki matambara ya kijivu yakielea. Akayanyonya kwa mpira, akaongeza maji mapya, akawasha taa. Jioni ikaja, utando haukurudi. Kesho yake haukurudi. Ila tumbawe lilibaki limejikunja, na Siwatu akawa analipita akiogopa kulitazama.

Siku ya hitima wanaume walisoma barazani, wanawake ndani. Dua ilipokwisha, Bi Mishi akaingia sebuleni, na mkononi, kwa mazoea, amekamata ukufi wa uduvi. Alitaka kuutupa majini, liwalo na liwe. Akasimama. Maji yalikuwa meupe pe, na juu ya jiwe kubwa kidole kimoja cha kijani kilikuwa kimenyooka. Kisha cha pili. Kisha vyote, vikipepea kwenye mkondo wa pampu.

"Shemeji!" akaita. "Shemeji, njoo!"

Mzee Mbaruku akaja, akaketi kwenye kiti chake, kando ya kile cha mkewe kilichokuwa wazi. Alitazama mpaka machozi yakamdondoka kwenye kanzu, wala hakuyafuta.

"Hakuwa akilia, Mishi," akasema. "Tulikuwa tumemlisha hadi akavimbiwa."

Watu wakacheka, kicheko cha kwanza katika nyumba ile tangu maziko. Bi Mishi hakucheka. Alikuwa akiuangalia mkono wake mwenyewe na uduvi uliomo.

"Kumbe," akasema, na mara hii sauti yake ilikuwa ndogo, "mkono ulishao samaki ndio ulishao utando."

Sebule ilikuwa imejaa, na neno likitoka sebule iliyojaa halirudi. Siwatu angeweza kusema mengi saa ile, na yote yangekuwa haki yake. Alichukua kopo la chakula, akaliweka katika mkono wa pili wa Bi Mishi.

"Kuanzia leo utawalisha wewe, mama mdogo. Vidole viwili."

Bi Mishi akauweka uduvi chini. Akachota kwa ncha za vidole, akatazama alichochota, akarudisha nusu yake koponi, ndipo akatupa.

Basi msifikiri mama yenu anamwonea ndugu yake. Mjomba wenu anampenda Shafii, na hilo halina ubishi. Nendeni mkamwambie neno la Bi Mishi, lakini polepole, kwa sauti ya Siwatu: mkono ulishao samaki ndio ulishao utando.