Mtungi wa Bi Somoe

Hadithi inabisha hodi; mwenye masikio aifungulie.

Palikuwa na mji jangwani, jua lake linaunguza hata kivuli. Mjane mmoja, Bi Somoe, alipanda mchicha uani, akaumwagilia maji aliyotawadhia. Ukakauka. Akapanda tena, ukakauka. Mara ya tatu akaketi akalia, na jini akaibuka mchangani na mtungi.

"Maji haya hayaishi," jini akasema, "lakini ni ya mboga tu. Binadamu akionja tone, mtungi utapasuka."

Mchicha ukachipua. Akaja jirani yake, Mafunda. "Shoga yangu, nipe maji, kisima kimekauka."

Bi Somoe akatazama yale majani machanga. "Sina."

Mafunda akarudi na mtoto mgongoni. "Basi mpe huyu."

"Sina, shoga."

Mara ya tatu Mafunda alikuja mgongo mtupu. Hakuomba kitu. Alimtazama tu, akaondoka, na mji mzima ukahama nyuma yake.

Mchicha ukafika kiunoni. Bi Somoe akachuma, akapika. Lakini desturi ya mji ule, chumo la kwanza huonjwa na jirani. Mwenyewe akitangulia, mboga hugeuka mchanga. Akabeba sahani, akabisha mlango wa kwanza. Kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu ulikuwa wa Mafunda, nao upepo ulikuwa umekwisha kuufungua.

Njaa ilipomzidi, akatia tonge kinywani. Akatafuna mchanga.

Hadithi imeniishia, na koo limenikauka. Aliye karibu na mtungi, anipe maji.