Kaburi Lililochimbwa Mapema

Sogeeni wanangu, ngano imebisha hodi, mfungulieni.

Palikuwa na miji mitatu iliyozika kwenye uwanja mmoja mdogo. Siku moja Mwamvua alikuwa amempakata mwanawe Chande, aliyeungua kwa homa, akasikia watu wamekwisha kumchimbia mtoto kaburi. Akakimbilia makaburini, mtoto kifuani.

"Mwanangu bado anapumua!"

"Tulidhani hafiki adhuhuri," mzee Shekue, mchimbaji, akasema kwa aibu.

Kaburi likanguruma: "Mmenifungua kinywa, nilisheni!"

Watu wakalitupia mgomba, likautema. Wakalitupia mbuzi, likamtema. Likanguruma tena, na miguu ya Chande ikaanza kupoa.

Mwamvua akamlaza mtoto, akajifunga kanga ashuke kaburini badala yake. Mzee Shekue akamshika mkono.

"Na huyu atanyonya kwa nani? Kaa, binti yangu. Jembe lilikuwa langu."

Akavua koti lake, akamfunika mtoto, akashuka. Ardhi ikajifunga polepole, kama mtu afungaye mlango wa chumba alimolala mtoto.

Chande akafumbua macho, akatafuta titi. Mwamvua akamnyonyesha palepale, huku akilia.

Ngano yangu imefika nyumbani kwake. Aliye na mgonjwa, tusimharakishie kaburi.