Uso wa Elifasi Ukutani

Wapendwa, funikeni Biblia kidogo, nisikilizeni.

Kulikuwa na usharika mmoja mjini, mkubwa kama huu wetu, uliojenga ukuta mrefu unaotazama barabara ya sokoni. Wazee wakasema, tukiuacha mtupu utajaa matangazo ya waganga. Tuuchore. Na kazi hiyo tuwape vijana wetu wanaoshinda vijiweni. Wakamwita mchoraji mzoefu, mtu mwenye jina lake, awafundishe vijana wakichora naye. Picha waliyoichagua ni ile ya Msamaria Mwema.

Mchoraji yule alikuwa mwalimu kweli. Siku ya kwanza hakumpa mtu brashi. Aliwaambia, "Sitaki sura za kwenye kalenda. Kila mmoja akatafute mtu wa kweli, amtazame mpaka amwone."

Binti mmoja alipangiwa kumchora yule majeruhi aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Hakwenda mbali. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya kibanda cha chipsi, alilala mwanamume aliyeharibiwa na dawa za kulevya, mguu una kidonda kisichopona. Usharika mzima ulimpita kila Jumapili. Binti alimpelekea chai na chapati, akakaa chini, akamchora. Akamuuliza jina.

"Elifasi," akajibu. "Ila ni siku nyingi sijaitwa hivyo."

Uso wake ulipotokea ukutani, Elifasi alivuka barabara akasimama pale. Kesho yake alikuja amenawa. Keshokutwa akaja na wenzake, anawaonyesha kwa kidole: "Huyo ni mimi. Ndiyo, mimi, nimebebwa!" Kisha akamgeukia binti, akashusha sauti.

"Sasa dada, na humo ndani naruhusiwa kuingia?"

"Kaka Elifasi, wewe uko ukutani tayari. Nani atakuzuia?"

Jumapili akaingia. Shati la kuazima, akaketi benchi la mwisho. Mnadhani walimfurahia? Mama mmoja alihamisha mkoba wake. Baba mmoja alihamisha watoto. Ibada ilipokwisha, mwenyekiti wa ujenzi akamvuta mchoraji pembeni.

"Mwalimu, kazi ni nzuri, hatubishi. Lakini yule si ndiye aliyeng'oa betri ya gari la mchungaji? Tumtundike kwenye ukuta wa kanisa? Siku ya uzinduzi tuna wageni wakubwa."

"Mnataka nifanyeje?"

"Weka sura nyingine. Majeruhi yeyote tu. Mtu ambaye hatumjui."

Mmesikia, ndugu zangu? Mtu ambaye hatumjui.

Mchoraji aliutazama ukuta. Alijua kwamba katika picha nzima, uso ule ndio uliokuwa na uhai. Akamwita binti, akamweleza. Binti akakataa.

"Mwalimu, si wewe uliyetuambia tumtazame mtu mpaka tumwone?"

"Ni mimi. Lakini ukuta si wangu, na mimi nataka kuitwa tena kazini. Nawe utataka kuitwa. Chukua brashi, mwanangu. Umemchora wewe, umfute wewe."

Akamfuta. Alianza na paji la uso, akashuka machoni. Alipofika mdomoni, Elifasi alikuwa amekwisha kuvuka barabara, yuko nyuma yake.

"Dada," akasema, "nimekosa nini tena?"

Binti hakugeuka. Alisikia tu ule mguu mbovu ukiburutwa kurudi ng'ambo.

Uzinduzi ulifana. Kwaya iliimba, mgeni rasmi akamsifu yule majeruhi mpya kwamba anagusa moyo. Nyuma ya kibanda cha chipsi hakukuwa na mtu. Wengine wanasema Elifasi alikufa, wengine wanasema yuko mji mwingine. Hakuna aliyekwenda kuuliza.

Na binti? Msimhurumie, amefanikiwa. Anachora shule, anachora zahanati, anaitwa huku na kule. Kabla hajafungua kopo la rangi huwauliza wenye ukuta swali moja tu: "Sura ya nani hamtaki kuiona?"

Naona mnatikisa vichwa. Mnamlaani mwenyekiti, mnamlaani mchoraji. Ngojeni kwanza. Sisi tunamjua nani kati ya wale wanaolala nje ya geti letu? Namtaka mmoja tu, kwa jina lake. Mbona kimya? Tunampenda aliyejeruhiwa akiwa kwenye somo, akiwa kwenye wimbo, akiwa mbali. Akiingia na kuketi karibu nasi, tunashika mikoba.

Halafu tunakaa vikao kulalamika kwamba vijana wa siku hizi mioyo yao ni migumu, hawana huruma, hawajifunzi kitu kwa wazazi. Uongo! Vijana wetu ni wanafunzi wazuri sana. Walikuja kwetu mioyo ikiwa laini, tukawapa brashi mkononi, tukawasimamia mpaka kazi ikaisha. Wamejifunza kwetu. Hilo ndilo la kutufanya tulie leo.

Msiitikie Amina. Bado hatujatubu.